Msafara wa Chumvi kwa Programu ya Bure

Shabani amefariki bila kujifunza kuzima kipaza sauti. Nasema hivyo kwa mapenzi, na kwa hasira kidogo vilevile, maana mtu akikuudhi miaka na miaka ukamzoea, siku akiondoka anakuachia hasira zako zote mkononi, huna pa kuzipeleka. Nilifunga safari mpaka Kasulu kwa ajili ya khitma yake. Vijana wa nyumba walikuwa wameunganisha simu ili ndugu wa Ujiji na wa Dar es Salaam wafuate dua kwa video, na aliyeishika ile simu alikuwa ameielekeza kwenye sinia la pilau. Nilitaka kunyanyuka nikamwoneshe namna ya kuishika, kisha nikakumbuka kwamba mimi ni mgeni pale na kwamba kazi ya kupanga kamera za watu niliistaafu zamani. Nikanyamaza, jambo ambalo halinitokei mara nyingi, mimi mtoto wa Tanga. Wanawake tulikuwa tumeketishwa chumba cha nyuma ya duka la marehemu. Siku hizi kina marumaru na makochi ya kuzama. Mimi nilikijua kikiwa na sakafu ya saruji, magunia ya unga wa muhogo yamepangwa ukutani, madumu ya mawese, na meza moja ya mbao iliyoyumba mguu mmoja mpaka uutilie kipande cha boksi. Nyuma ya ukuta ilikuwapo mashine ya kusaga, nayo ilikuwa mali yake Shabani. Harufu ya mawese bado imo kwenye kile chumba, marumaru hayakuiweza.

Kwenye meza ile tulikuwa tukicheza Msafara. Nikimweleza mtu leo kwamba watu wazima wanne, wenye kazi zao, walikuwa wakikaa kila Jumapili alasiri wakijifanya wamebeba chumvi, ananitazama kama nimepungukiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliyetuletea balaa hilo ni Devota, mwalimu wa shule ya msingi hapo Kasulu. Kabla ya ualimu alifanya ukalimani kwenye kambi ya wakimbizi, na kambi ilipokuwa inafungwa, wageni waliofanya kazi pale wakagawa vitu vyao. Wenzake waligombania magodoro na majiko ya gesi. Yeye akatoka na boksi lenye kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine zina pembe nyingi mpaka zenyewe hazijui zitulie wapi. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kimejaa majoka na ngome. Devota alikisoma chote, akashika kanuni, akakifungia kabatini. Alisema majoka hayatuhusu, sisi tutapandisha chumvi. Basi kila mmoja akajitungia mtu wake ndani ya msafara wa zamani, wa kutoka Uvinza kwenye chumvi mpaka huku juu milimani Buha, nchi ya Waha. Devota ndiye msimulizi: anatueleza tumefika wapi na limetukuta lipi, halafu anauliza tunafanya nini. Unasema mtu wako anafanya nini, unatupa dadu, na dadu inaamua kama umevuka mto au umetumbukia na mzigo wako. Hapana mshindi pale. Ni hadithi ambayo wasikilizaji wamo ndani yake na wanaiharibu wapendavyo.

Shabani, mtu wa swala tano, mwenye mizani ya haki, hata watoto walitumwa dukani kwake bila kuogopa kupunjwa, alichagua kuwa mpagazi mwizi, na aliiba kwa raha ya ajabu. Mimi nilikuwa bibi tajiri mwenye chumvi, mgomvi, sipendi kutembea. Watu walisema siigizi. Na kiongozi wa njia alikuwa Method, mwalimu wa sekondari, Muha wa Rungwe Mpya, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufikiri mpaka ukataka kumtikisa. Yeye na Devota walikuwa wachumba. Wajomba zake walishafika kwa kina Devota mara moja kubisha hodi, wakapokewa vizuri, ikabaki kupanga siku ya kurudi. Kwa hiyo tulicheza tukiwa na wachumba wawili mezani, wanaoheshimiana mno, na mapenzi yao yote waliyapitisha kwenye njia za Uvinza: Devota akimwekea kiongozi wake mto uliofurika, Method akimjibu kwamba anakijua kivuko. Mke wa Shabani alikuwa akituletea ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, akisimama mlangoni kusikiliza, akiuliza yule mwizi hajakamatwa tu.

Kabla ya yote hayo, salamu. Mimi nilikotoka ni shikamoo, marahaba, habari za kwenu, tumemaliza. Waha hawasalimii hivyo. Wanapiga makofi, taratibu, kiganja juu ya kiganja, huku wameinama kidogo, wanakuulizia nyumba, watoto, mvua, maharage shambani, na kila jibu lina makofi yake. Devota aliipeleka desturi hiyo mpaka ndani ya mchezo. Ukisema neno zuri, unapigiwa makofi hayo ya polepole. Zamu ikikufikia, unapigiwa. Na hadithi haianzi kabla kila mtu hajamsalimia kila mtu. Mezani nilivumilia, hata nikaipenda. Nilikuwa sijajua itakavyokuja kunitesa.

Mwaka ninaousimulia ulianza kwa kutawanyika. Mimi nilihamishiwa Kibondo, maabara ya hospitali. Method akapelekwa Kakonko, wilaya mpya iliyokuwa ikiokota watumishi kila pembe. Hata hajafungua mabegi, akaugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa muda mrefu, tukamwombea kila mtu kwa dini yake, na akapona. Akaondoka na uhai wake, masikio yakabaki kule. Hakusikia tena kitu, si mlango, si radio, si sauti yake mwenyewe. Mwalimu asiyesikia hawezi kuachiwa darasa, au ndivyo walivyoamua, wakampa kazi ya kupanga majalada kwenye ofisi moja pale Kakonko. Naye akaacha kabisa kutumia sauti. Alikuwa anajua anaongea kwa nguvu mno au chini mno, aliona nyuso za watu zinavyogeuka, akaona bora basi. Kisha akamtumia Devota ujumbe wa simu. Devota alinionesha baadaye, ulikuwa mfupi: "Nimekuachia. Tafuta mwenye masikio."

Devota hakutafuta mtu. Alimwandikia asubuhi na jioni, hakujibiwa. Akapanda gari mpaka Kakonko, akaambiwa mwalimu ametoka. Baba yake, mzee wa maneno machache, hakukataa mkwe asiyesikia. Alisema tu kwamba wajomba wakirudi atawafungulia, ila yeye hawezi kwenda kuwafuata. Na wajomba wasingerudi bila Method kuwatuma. Siku moja Shabani, bila kushauriana na mtu, akamwandikia Method kwamba Msafara umekwama porini kwa sababu hauna kiongozi wa njia, na kwamba yeye mpagazi ameanza kuuza chumvi ya watu. Method akajibu. Baada ya miezi ya kimya akaandika maneno mawili: mchezo tu. Hapo ndipo sote tulipoelewa kwamba Msafara ndio mlango pekee aliouacha wazi, na tukiufunga, kwisha.

Kazi ya kutafuta programu ya video nilitwishwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kusoma kozi ya kompyuta, kozi ambayo tulifundishwa kuchora majedwali. Masharti yalikuwa mawili. Iwe ya bure, maana nani angelipia, na kwa kadi gani ya benki? Na iwe na picha, kwa sababu Method alikuwa ameanza kusoma midomo ya watu, na wa Devota ndio aliouzoea kuliko yote. Yeye angetumia kompyuta ya ofisi yake Jumapili, ofisi tupu, sola inawaka. Devota angekaa kwake Kasulu na kompyuta ya shule. Shabani yupo dukani na ile aliyochapia barua za watu. Mimi chumbani kwangu Kibondo, kompyuta nimeipandisha juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na dirisha, kwa sababu modemu ilishika mtandao pale tu, nami nimepiga magoti mbele yake.

Programu ya kwanza ilikuwa ile ambayo kila mtu aliijua. Nikaipakua, ikala bando la wiki, nikawasha, nikampata Devota, picha safi. Nikamwongeza Shabani, ikaniambia wawili ni bure, mkizidi lipeni. Ingesema mapema ingepungukiwa nini? Ya pili ilikubali watu wengi bure, ila ilitaka kila mtu awe na akaunti ya barua pepe. Devota alikuwa nayo, amesahau neno la siri. Shabani alifunguliwa na mpwa wake kwa jina la duka, kwa hiyo kwenye kioo alitokea akiitwa Unga na Mawese Jumla na Rejareja. Nilitumia Jumamosi nzima nikiwaelekeza kwa simu: bonyeza kile kialama, siyo hicho, cha kulia, kulia kwako, Kaka Shabani, mkono unaolia. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa akipita uani na jirani yake, nikamsikia anamwambia kwamba yule binti wa Tanga amejifungia anagombana na watu kuhusu chumvi, na humo ndani chumvi yenyewe hana, jana tu kaja kuazima.

Programu ile ya pili ilikuwa na kilema chake. Haikuonesha watu wote sawasawa. Ilimkuza mmoja, akajaa kioo kizima, wengine ikawaweka chini wadogo kama stempu. Na iliyemkuza ni yule mwenye sauti. Ukikohoa, wewe. Jogoo wa jirani akiwika, wewe. Sasa fikiria salamu za Kiha ndani ya mashine ya namna hiyo. Devota anapiga makofi, anakuzwa. Shabani anajibu makofi, anakuzwa yeye. Sauti inachelewa njiani, kwa hiyo makofi ya Devota yanafika wakati Shabani ameshamaliza kujibu, anadhani amesalimiwa upya, anajibu tena. Devota naye hawezi kumwacha mtu mzima anapiga makofi peke yake. Wakafika kwenye maharage shambani, mtandao ukakatika. Tukaungana upya, nikasema jamani tuendelee tulipoishia. Devota akanitazama kwa mshangao wa kweli. Salamu iliyokatika, alisema, inaanzwa mwanzo, kwani wewe ukikatizwa katikati ya sala unaendelea tu? Na zikaanzwa mwanzo.

Tena ile mashine ya kusaga. Jumapili alasiri ndipo watu wa vijijini walipoleta muhogo wao, na programu iliamini kwamba ule mngurumo ni Shabani anaongea bila kupumua. Nilimwambia azime kipaza sauti chake asipokuwa na neno. Alikubali kila mara, akabonyeza kitu, akapotea kabisa, akarudi akiwa ametuzimia kamera ikabaki sauti. Kwa hiyo Method, aliyehitaji kuuona mdomo wa Devota, alishinda akiangalia uso wa Shabani mbele ya magunia, umetulia, unasikiliza hadithi. Kitu kimoja Shabani alikifanya ambacho sikukithamini vya kutosha wakati ule: kulikuwa na kisanduku cha kuandikia pembeni, naye kwa kidole kimoja alikuwa akimwandikia Method yanayotokea. "Mto umejaa." "Bibi anagomba." "Nimeiba tena." Method alijibu kwa kuandika, na majibu yake mengine yalikuwa ya ajabu. Devota anasimulia chui amekaa njiani, Method anaandika kwamba kiongozi wa njia anachoma muhogo. Tulicheka mpaka machozi, na Devota akampa chui muhogo wa kuchoma.

Nikasema hapana, hii siyo hali. Anachoma muhogo kwa sababu haoni mdomo. Nikaanza kutafuta upya. Kila jioni nikitoka maabara nilikwenda kwenye kibanda cha intaneti cha pale mjini Kibondo, kompyuta zake zina vumbi la njia kwenye kila kitufe, nikasoma watu wa nchi nyingine wakijadili programu ipi ni bora kwa michezo kama yetu. Walikuwa wakilalamika eti sauti inatetereka kidogo. Kidogo! Mimi nilikuwa na mtu anayetoka kwenye picha akiwa hana kichwa. Nikajaribu moja iliyotaka kila mtu apakue sasisho kila Jumapili, saa ileile ya kuanza, kama mgeni anayekuja chakula kikipakuliwa. Nyingine ilikuwa nzuri, ikatuletea matangazo ya wanawake wasiovaa vizuri, na Shabani akaifunga kompyuta kwa kishindo akaenda kutawadha. Nikimweleza Devota kila iliyoshindikana, alikuwa ananisikiliza kwa utulivu wake, halafu ananiambia ndiyo kwa Kiha, ego, dada Mwana, tujaribu nyingine. Utulivu ule uliniudhi kuliko matangazo. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameanza kukonda.

Hatimaye nikaipata. Ndogo, haijulikani, ya bure kabisa, haitaki akaunti, na ukiamua inambana mtu mmoja katikati ya kioo hata wengine wapige ngoma. Nikambana Devota katikati. Nilijisifu wiki nzima. Devota naye akaongeza la kwake, na lazima niseme lilimgharimu: akasema makofi basi. Salamu tutapungiana mikono, mara moja. Makofi yanakula bando, yanaivuruga sauti, na yanamfanya yeye ainamishe uso, mdomo ukapotea. "Nataka Mwalimu asome ninachosema, na mengine yote yangoje," alisema. Shabani alinung'unika kwamba huo sasa si mchezo ni mtihani wa taifa, lakini akakubali. Tukawa tunakaa wima, kimya, Devota anasimulia polepole akiunda kila neno kwa midomo kama anafundisha darasa la kwanza. Shabani aliambiwa asiandike tena, ili Method asitoe macho kwenye mdomo.

Method akaanza kufifia. Aliandika "sawa". Mto umejaa, sawa. Mpagazi kaiba, sawa. Muhogo hakuchoma tena. Mimi nilisema anazoea. Wiki moja akaandika ana kazi. Wiki iliyofuata hakuonekana, wala iliyofuata, na mtumishi mmoja wa Kakonko aliyekuja Kibondo na sampuli za maabara akanipa habari kama anayesimulia mvua: yule mwalimu kiziwi ameomba kuacha kazi, anarudi kwao kulima. Nilikaa kwenye kigoda cha maabara nikahisi nimeishiwa. Ningemwambiaje Devota? Rungwe Mpya hakukuwa na kompyuta, hakukuwa na Jumapili yoyote ya kumwona, na mtu akisharudi shambani akiwa na aibu moyoni, hatumi wajomba popote.

Gari la hospitali lilikuwa linakwenda Kakonko kwa ukaguzi, nikajipachika. Tulipita njia ya vumbi, akina mama wa Gwarama wakiwa barabarani na muhogo vichwani, na mimi njiani nzima nimepanga maneno ya kumfokea. Nilimkuta ofisini kwake, chumba kirefu kimejaa rafu, kila jalada limesimama sawasawa. Amevaa shati lililopigwa pasi. Alinipa kiti, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akanikabili uso kwa uso ili asome. Nikamwambia yote, polepole, kwamba Devota anakonda, kwamba nimepekua programu zote za bure duniani kwa ajili yake, kwamba nimempa mdomo wa Devota katikati ya kioo, alitaka nini tena? Alinisoma mpaka mwisho. Kisha akachukua simu yake, akaandika, akanigeuzia.

"Midomo sijawahi kuisoma kwenye ile kompyuta. Hata siku moja. Picha inaruka, mdomo unafunguka ukiwa umeshafungwa."

Nikamuuliza sasa alikuwa anachezaje. Akaandika tena, muda mrefu, nami nikinywa chai ambayo sikuisikia ladha. Makofi, aliandika, alikuwa anayaona. Kiganja ni kikubwa, hata picha ikiruka unakiona kinapanda na kushuka. Na ile programu mbovu, ile ya kurukaruka, ilikuwa inamletea mwenye makofi mbele yake, kwa hiyo alijua nani anasema, nani anafurahi, nani anamwita, na Shabani alikuwa anamwandikia yaliyobaki. Asipopata neno alibuni. Ya chui hakuyapata kabisa, ndiyo maana alichoma muhogo, na makofi aliyopigiwa siku ile aliyaona yote. Halafu akafuta, akaandika mstari mwingine, akanipa simu nzima mkononi akageukia rafu zake.

"Sasa mmekaa watatu kimya mnanitazama kama mko msibani, na marehemu ni mimi."

Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira ya mtu aliyehangaika miezi na mitambo halafu anaambiwa ile aliyoitupa ndiyo ilikuwa dawa. Nikamgusa bega ageuke. Nikamwambia kwa midomo mikubwa: Jumapili hii, moja tu, kwenye ile mbovu, ukichoka nenda ukalime, sitakufuata. Alifikiri mpaka nikataka kumtikisa. Akaitikia kwa kichwa. Nilipompigia Devota jioni ile kumweleza, alisema kwamba yeye ndiye aliyeyakataza makofi, yeye Muha, kwa ajili ya Muha mwenzake. Nikamwambia aache kulia, akatafute neno lake la siri.

Jumapili ikafika. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma kama kawaida, Unga na Mawese Jumla na Rejareja amejaa kioo. Sasisho likaja, likala robo ya bando. Mtandao ulikatika salamu zikiwa katikati, tukaanza mwanzo, na safari hii sikusema kitu. Shabani alinisalimia mimi, mimi nikamsalimia Devota, kila mmoja akaja mbele akiwa ameinama juu ya viganja vyake, picha zikiruka, na kwenye kona chini Method, mdogo kama stempu, alikuwa anajibu kila makofi kwa makofi yake yasiyo na sauti, maana kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa tangu siku ya kwanza, nani angekihitaji? Mwisho Devota akamgeukia yeye. "Mwidiwe, Mwalimu," alimsalimia kwa Kiha, akapiga makofi, taratibu, mara nyingi kuliko desturi, na hakumaliza. Akaendelea kupiga. Mimi nilimtazama Method kwenye kona yake, nikaona anainama karibu na kompyuta, anatafuta kitu kwa kidole.

Kisha akajaa kioo. Sikuwahi kumwona mkubwa kwenye programu ile, tangu tuanze. Uso wake ulikuja mzima, macho, kovu dogo la kidevuni, rafu zake za majalada nyuma, na kwa kuwa programu ile humleta mwenye sauti, nilijua amesema kabla sauti yenyewe haijafika. Ilikuja imechelewa, kubwa mno, imenyooka, haipandi wala haishuki, sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde.

"Devota. Jumamosi nakuja kwenu. Nakuja na wajomba."

Mashine ya kusaga ilikuwa imenyamaza, au mimi sikuisikia. Devota aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama na mimi nimesikia. Nikamwambia nimesikia, na mama mwenye nyumba wangu uani amesikia. Hapo Shabani akaanza kupiga makofi. Hayakuwa yale ya salamu, yalikuwa makofi ya harusi, mikono juu ya kichwa, na programu ile, kwa kilema chake kilekile, ikamwondoa Method palepale na kumleta Shabani na magunia yake, kioo kizima, wakati ule ambao nilitaka kuuona uso wa Method kuliko kitu kingine chochote. Nikamfokea.

"Kaka Shabani, acha makofi, tumwone Mwalimu."

"Mwache apige, dada Mwana," Devota akasema. "Mwalimu anamwona."